Mali Bila Daftari: Chama cha Wafanyabiashara, Balambala na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ina harufu ya duka na bohari, na yaelekea ilikomaa katika miji ya mwambao ambako hesabu ziliandikwa kila jua lilipotua. Hata hivyo, methali yenyewe haisemi daftari hilo liandikwe kwa lugha gani, wala haisemi nani awe na uwezo wa kulisoma. Mambo hayo mawili huonekana madogo kwa mtu aliyezoea benki na afisi za mjini. Kwa mfugaji wa Balambala ndiyo yanayoamua kama mbuzi wake atamletea karo ya mtoto au atamletea majuto.

Balambala ni mji mdogo ulio ukingoni mwa Mto Tana, juu ya mji wa Garissa mtu akiufuata mto kuelekea kwenye chimbuko lake. Ni jina pia la eneo bunge lililomegwa kutoka lililokuwa eneo bunge la Dujis kabla ya uchaguzi mkuu wa 2013, lenye wadi za Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Wakazi wake wengi ni Wasomali wanaofuga ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kandokando ya mto yapo mashamba yanayonyweshwa kwa pampu, ambako hulimwa ndizi, maembe, matikiti maji na nyanya. Ramani za shule huuweka ukanda huu ndani kabisa ya bara. Mto wenyewe hauamini ramani hizo, kwa sababu maji yanayopita Balambala asubuhi hii ndiyo yatakayofika Kipini na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Mto huo, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaifanya Balambala kuwa jirani wa pwani japo haisikii mawimbi.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba chama cha wafanyabiashara cha kanda hakiwezi kuitumikia jamii kama hiyo, wala kuiunganisha na masoko ya pwani, mpaka kikubali kuwa lugha ni chombo cha biashara kama zilivyo mizani na barabara. Aidha, wasomi wa Kiswahili wana deni katika jambo hilo, na deni halilipwi kwa kulikana.

Chemba, chumba au chama?

Ni vyema kuanza na jina, kwa kuwa jina baya huanzisha safari mbaya. Asasi inayozungumziwa hapa ina asili ya Ulaya. Ile ya Marseille nchini Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka wa 1599, ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza. Kiingereza kiliipa jina la chumba, yaani mahali wafanyabiashara walipokutana na kufunga mlango. Tanzania na Kenya neno hilo limetoholewa likawa chemba. Tatizo ni kwamba katika Kiswahili cha mitaani, hasa Tanzania, chemba ni lile shimo lililofunikwa ambamo maji taka hupita. Mtafsiri wa pupa naye akiandika "chumba cha biashara", msomaji atadhani anatangaziwa nafasi ya kupanga. Wasomali huiita asasi hiyo rugta ganacsiga, yaani kituo au mahali pa biashara, na jina hilo linaeleweka bila ya maelezo.

Kiswahili kina neno bora kuliko yote hayo, nalo ni chama. Nchini Kenya neno hilo limejipatia maana ya ziada ambayo kamusi nyingi za zamani hazikuitarajia. Chama ni kikundi cha akina mama au vijana wanaochangishana fedha na kupokezana kwa zamu. Katika chama cha namna hiyo kila mwanachama anajua alitoa kiasi gani, zamu yake ni lini, na nani anashika daftari. Akiona mambo hayaendi sawa, anasimama na kuuliza. Asasi kubwa ya wafanyabiashara inayojiita chama inajipa mtihani huo pia: je, mwanachama wake mdogo kabisa anaweza kusimama na kuuliza, tena kwa lugha anayoimudu?

Historia ya asasi hiyo nchini Kenya inaonyesha kwamba swali la nani yumo na nani hayumo si geni. Chama cha kitaifa cha wafanyabiashara na wenye viwanda kilizaliwa mwaka wa 1965, miaka miwili baada ya uhuru, kwa kuunganishwa kwa vyama vitatu vilivyokuwa vimetengana kwa misingi ya rangi: cha Wazungu, cha Waasia na cha Waafrika. Kuta za rangi zilibomolewa kwa azimio. Ukuta wa lugha haukubomolewa na azimio lolote, kwa sababu wakati ule haukuhesabiwa kuwa ukuta.

Kazi ya chama ni ipi?

Kwa jumla, chama cha wafanyabiashara hufanya kazi nne. Kwanza, huwasemea wanachama wake mbele ya serikali pale sheria, kodi na ushuru vinapotungwa. Pili, hukusanya na kueneza habari za soko: bei, wanunuzi, zabuni na masharti ya kusafirisha bidhaa. Tatu, hutoa nyaraka zinazoaminika nje ya nchi, vikiwemo vyeti vya kuthibitisha bidhaa zilikotoka. Nne, husuluhisha migogoro ya wafanyabiashara kabla haijafika mahakamani, ambako wakili hula mtaji wa pande zote mbili.

Zipo nchi, kama vile Ufaransa na Ujerumani, ambako asasi hizi zimeundwa kwa sheria ya umma na wafanyabiashara wanawajibika kujiunga nazo. Kenya imefuata mkondo wa Uingereza, ambako chama ni cha hiari na huishi kwa ada za wanachama. Tofauti hii ina uzito. Chama cha hiari hakina budi kumshawishi kila mtu kuwa kuna faida ya kujiunga. Mwenye hoteli mjini atashawishika upesi, kwa maana anazielewa barua na mialiko anayopelekewa. Mwanamke auzaye maziwa ya ngamia hatashawishika, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa lugha yake atapata nini. Matokeo yake ni kwamba chama hubaki na wanachama wachache wenye uwezo, kisha hulaumiwa kuwa ni cha wachache wenye uwezo.

Ugatuzi ulilifanya jambo hili kuwa la dharura. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi serikali za kaunti masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, minada ya mifugo na machinjio. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, maamuzi yanayomgusa mfugaji wa Saka au mkulima wa Sankuri hayafanywi tena Nairobi pekee. Mengi yanafanywa Garissa. Vilevile matawi ya chama cha kitaifa yamepangwa kwa kaunti, na makao ya kaunti ni mjini Garissa. Umbali kati ya Balambala na maamuzi hayo umepungua kwa kilomita. Kwa lugha haujapungua, maana bajeti, miswada na matangazo ya zabuni huandikwa kwa Kiingereza, na sheria inayotenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu humfaidi yule tu aliyeweza kulisoma tangazo.

Bei iliyofunikwa kwa kitambaa

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa yale makubwa zaidi katika Afrika Mashariki. Huko hufikishwa wanyama kutoka vijiji vya kaunti hiyo, Balambala ikiwamo, na wengine huvuka mpaka kutoka Somalia. Kutoka hapo hupakiwa malori kuelekea Nairobi, Mombasa na kwingineko. Kati ya mfugaji na mla nyama wapo watu wengi: mchuuzi wa kijijini, mswagaji, dalali, mfanyabiashara wa jumla, mwenye lori na mchinjaji. Kila mmoja wao huongeza kitu juu ya bei, na si haki kusema kwamba wote ni wanyonyaji.

Dalali, kwa mfano, ana kazi inayostahili kuelezwa kwa insafu. Yeye humfahamu muuzaji na ukoo wake, na huthibitisha kwamba mnyama si wa wizi. Mnunuzi mgeni asiyemjua mtu sokoni hununua uaminifu wa dalali kabla hajanunua ng'ombe. Lakini dalali ndiye pia anayeshika habari. Katika masoko ya mifugo ya Pembe ya Afrika, madalali wamejulikana kupatana bei kwa kushikana vidole chini ya kitambaa, ili wanaosimama kando wasijue kiasi kilichotajwa. Mara nyingi mwenye mnyama ni miongoni mwa hao wanaosimama kando. Mali ni yake, bei ni siri ya wengine.

Kitambaa hicho si cha pamba peke yake. Hati inayomruhusu mtu kusafirisha mifugo, stakabadhi ya ushuru wa soko, tangazo la karantini, mkataba wa mwenye lori, masharti ya mkopo wa benki: vyote hivyo ni vitambaa iwapo vimeandikwa kwa lugha ambayo mwenye mali haijui. Msomi akiondoa kitambaa kimoja cha namna hiyo amefanya biashara kubwa kuliko aliyefungua duka.

Hasara za kutojua zimeonekana mara kwa mara. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 1997, na ikazuka tena mwishoni mwa 2006, Garissa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Watu walikufa, mifugo ikafa, na biashara ya nyama ikasimama. Athari za ugonjwa huo huvuka bahari, kwani Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika mwaka wa 1998, na tena mwaka wa 2000, marufuku ya pili ikadumu hadi 2009. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilizisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha zilizotegemewa sana na Wasomali, kisha ikaziruhusu tena mwezi wa Juni. Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kutimia, uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Kabla ya majeraha hayo kupona, mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 yaliikata barabara kati ya Garissa na Madogo, na mashua iliyokuwa ikiwavusha abiria ikapinduka na kuua.

Katika kila moja ya mikasa hiyo, chama cha wafanyabiashara kina kazi inayojulikana. Karantini inapowekwa, mfugaji anahitaji kuambiwa mapema, kwa maneno anayoyaelewa, ni wanyama gani wamezuiwa, kwa muda gani, na nani wa kumwendea. Fedha zinapofungiwa, serikali inahitaji kuambiwa kwamba hawala si uhalifu, na kwamba kwa familia nyingi ndiyo njia ya unga na dawa. Barabara inapokatika, mnunuzi wa Mombasa anahitaji kujua kama mzigo utachelewa siku mbili au wiki mbili. Kazi hizi zote ni za maneno. Chama kisicho na maneno yanayofika Balambala kitawezaje kuzifanya?

Kiswahili cha kizuizini na Kiswahili cha sokoni

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulikabili bila ya kujipendelea. Kiswahili hakikufika Balambala kwa njia ile kilivyofika Bagamoyo au Ujiji. Utawala wa kikoloni uliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa mwaka wa 1926, kwa kutumia sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Mifugo nayo ilizuiwa kwa karantini zilizowakinga walowezi dhidi ya ushindani na maradhi. Baada ya uhuru hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 iliendelea hadi 1991, yaani vizazi vilizaliwa na kuoa chini ya sheria hiyo. Mwaka wa 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walifanyiwa ukaguzi maalumu na kupewa kadi yao ya ziada.

Kwa muda huo wote, Kiswahili alichokisikia mfugaji mara nyingi kilikuwa cha askari kwenye kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho, unatoka wapi. Lugha iliyojifunza kwanza kuamuru haipendwi upesi. Asemaye kwamba watu wa kaskazini mashariki "hawapendi Kiswahili" angeuliza kwanza Kiswahili gani walichoonyeshwa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa ukaguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani walipoomba vitambulisho. Hatua hiyo ina maana kubwa kibiashara, kwani asiye na kitambulisho hawezi kusajili biashara, kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa tangazo huhitaji mtu wa kumkaribisha aliyeachwa nje.

Kiswahili kinaweza kukaribisha kwa sababu kina sura nyingine, iliyo kongwe kuliko kizuizi. Ni lugha ya soko. Istilahi zake za biashara zimechotwa katika kisima kilekile walichochota Wasomali. Msomali akisema dukaan, deyn, faa'iido, khasaare, miisaan na dilaal, Mswahili anasikia duka, deni, faida, hasara, mizani na dalali. Hawala ni hawala kwa wote wawili. Maneno haya yalisafiri kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, yakapanda nchi kavu kwa migongo ya ngamia. Katika somo la isimu hutajwa kama mifano ya ukopaji wa maneno, kisha somo likaisha. Thamani yake kamili iko sokoni, ambako mwalimu wa hesabu za biashara anayeanza na maneno hayo hahitaji kumfundisha mfugaji lugha mpya. Anahitaji kumwonyesha tu kwamba nusu yake anayo tayari.

Chukua mfano wa mali kauli. Kwa Kiswahili ni bidhaa mtu anazopewa kwa ahadi ya maneno, auze kwanza na alipe baadaye. Biashara ya mifugo ya kaskazini mashariki huendeshwa sana kwa namna hiyo: mfanyabiashara huchukua wanyama, huwapeleka Nairobi au Mombasa, na mwenye mali hungoja. Kauli ikitimizwa, mfumo huu ni mtaji wa watu wasio na benki. Kauli ikivunjika, mwenye mali hana karatasi. Mwanasheria anayetumia Kiingereza atalazimika kueleza kwa aya nzima jambo ambalo Kiswahili kimeliita kwa maneno mawili. Hali ni hiyohiyo kwa arbuni, rahani, dhamana, amana na ubia. Istilahi zipo. Kinachokosekana ni mkataba wa ukurasa mmoja unaozitumia.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba lugha ya Balambala ni Kisomali, na kwamba kuwapelekea Kiswahili ni kuwabebesha mzigo wa pili. Pingamizi hili lina haki yake. Ibara ya 7 ya Katiba, inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, inaiagiza pia serikali kuzikuza na kuzilinda lugha za wananchi. Kwa hiyo tangazo la bei ndani ya Balambala na liwe kwa Kisomali. Lakini mnunuzi anayesubiri Garissa anaweza kuwa Mkamba kutoka Mwingi, Mpokomo kutoka Hola, Mswahili kutoka Mombasa au Mkikuyu kutoka Nairobi. Hao hawana lugha ya pamoja na mfugaji isipokuwa Kiswahili. Kisomali kimlinde mfugaji nyumbani, na Kiswahili kimlinde anapovuka daraja. Asiyekuwa na lugha ya kuvukia daraja atavushwa na dalali, na nauli ya dalali haina bei maalumu.

Wengine watadai kwamba nyaraka za biashara na sheria zinahitaji Kiingereza kwa sababu ya usahihi. Dai hili limezeeka. Katiba ya Kenya yenyewe ilichapishwa kwa Kiswahili. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa nchini Kenya Machi 2007, ilibeba neno pesa katika jina lake na ikawapa watumiaji hiari ya kupokea maelezo kwa Kiswahili. Hakuna aliyelalamika kwamba fedha zake zilipotea kwa kukosa usahihi wa lugha. Mtu akilitazama suala hili kwa makini ataona kwamba kinachokosekana si uwezo wa Kiswahili, ni nia ya kukitumia mahali penye fedha.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba chama cha wafanyabiashara ni klabu ya matajiri, na kubadilisha lugha ya klabu hakubadilishi wenyewe. Ni kweli kwamba lugha peke yake haitoi usawa. Dalali anaweza kudhulumu kwa Kisomali fasaha, na ofisa anaweza kudai hongo kwa Kiswahili sanifu. Lakini dhuluma inayosemwa kwa lugha inayoeleweka inaweza kujibiwa. Ile inayoandikwa kwa lugha isiyoeleweka hutiwa kidole gumba na aliyedhulumiwa mwenyewe.

Bandari ya jirani

Pwani nayo inayo sababu yake ya kuijali Balambala. Mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari ya Lamu likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Barabara ya mradi huo inatoka Lamu, inapitia Garissa na kuelekea Isiolo. Somalia nayo ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na ikakamilisha taratibu Machi 2024. Kwa maana hiyo Garissa, iliyohesabiwa kwa miaka mingi kuwa mwisho wa Kenya, sasa imekaa katikati ya bandari na nchi jirani.

Bandari bila mzigo ni ufuo wenye saruji. Mzigo wa karibu wa Lamu ni mifugo, ngozi na matunda ya bonde la Tana, na wenye mzigo huo ni watu wa Balambala, Bura, Hola na Ijara. Iwapo vyama vya wafanyabiashara vya Lamu, Tana River na Garissa havitaketi pamoja, mzigo utaendelea kupita kwa watu wa kati, na kila upande utaulaumu mwingine. Ipo methali kongwe ya pwani inayosema Mgala muue na haki yake mpe. Imezaliwa katika mwambao uliowaogopa wafugaji wa bara, na leo haifai kutajwa bila ya tahadhari. Lakini hata katika ukali wake ilikiri kwamba mtu wa bara ana haki yake. Wakati umefika wa kuifuta nusu ya kwanza na kuitekeleza ya pili.

Yanayowezekana

Yanayopendekezwa hayahitaji mabilioni. Chama katika kaunti kinaweza kuweka ubao wa bei sokoni Garissa kwa Kiswahili na Kisomali siku za mnada, na bei hizohizo zikasomwa redioni na kutumwa kwa simu hadi Balambala na Saka. Kinaweza kutoa muhtasari wa Kiswahili wa kila tangazo la zabuni na kila mswada wa fedha wa kaunti kabla ya vikao vya umma. Kinaweza kuandaa mkataba mfupi wa mali kauli, wenye majina, idadi ya wanyama, bei na siku ya malipo, ukashuhudiwa na dalali na mzee mmoja. Kinaweza kufungua dawati la usuluhishi ambalo wazee, wanaoheshimika tayari kwa kazi hiyo, watakaa na karani anayeandika walichokubaliana. Nakala moja ya daftari ibaki Balambala.

Kwa upande wao, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kutoa kile ambacho hakuna mwingine anacho: wakusanyaji wa istilahi, wafasiri na wahariri. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asidhani kuwa Kiswahili kinachofaa kuchunguzwa kiko Mombasa na Unguja tu. Lugha ya madalali wa Garissa, na jinsi Kiswahili, Kisomali na Kikamba vinavyokutana juu ya mgongo wa ng'ombe mmoja, ni mada inayotosha tasnifu kadhaa. Matokeo yake yakitafsiriwa kuwa kijitabu cha kurasa chache cha maneno ya biashara, mfugaji atakuwa amelipwa sehemu ya deni. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, huadhimishwa kwa hotuba, mashairi na ngoma katika kumbi za mijini. Siku hiyo ikiadhimishwa mara moja katika mnada wa mifugo, Kiswahili kitakuwa kimepelekwa mahali ambapo kilijulikana kama amri, safari hii kikiwa msaada.

Kwa kuhitimisha, yafaa isisitizwe kuwa chama cha wafanyabiashara si mkombozi. Hakiwezi kuzuia ukame wala kuamuru mvua. Kinaweza lakini kuhakikisha kwamba mwenye mali anaijua bei ya mali yake, anaisoma karatasi anayoitia sahihi, na anamjua wa kumwuliza inapotokea kasoro. Biashara haigombi, walisema wazee, kwa maana kwamba bei hutajwa, hujadiliwa na hukubaliwa pasipo ugomvi. Sharti la kwanza la mapatano ya namna hiyo ni kwamba pande zote mbili zinasikizana. Balambala imekwisha kuleta ng'ombe wake sokoni. Linalosubiriwa ni daftari linalosomeka, na wenye kalamu ya Kiswahili wanajua vyema kalamu hiyo iko mikononi mwa nani.